Kikulacho Kina Majina Mawili

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo wangu alipoharisha hapa Kuruwitu, nyanya alisema ni meno, jirani akasema ni kipindupindu. Nani mkweli? Daktari wa zahanati hakubahatisha. Alimpa maji ya chumvi na sukari papo hapo, kisha choo kikapelekwa maabara.

Bakteria hupewa majina mawili: la ukoo kwanza, halafu lake mwenyewe. Wa kipindupindu huitwa Vibrio cholerae. Kumtambua, kwanza hutiwa rangi kwa njia aliyoitoa Gram, daktari wa Denmark, mwaka 1884. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Vibrio huwa waridi. Katika hadubini amepinda kama alama ya koma! Kisha huoteshwa kwenye sahani ya chakula maalumu, akatoa madoa ya manjano.

Ngojeni kwanza. Vibrio cholerae wana makundi zaidi ya 200, na wengi wanajiishia tu mito inapokutana na bahari. Waletao mlipuko ni O1 na O139, aliyegunduliwa 1992. Kwa hivyo hupimwa tena kwa dawa inayowagandisha kundi kwa kundi. Kusema jina tu ni kama kusema "mwanafunzi" bila kutaja kidato.

Mdogo wangu hakuwa naye, alhamdulillahi. Lakini nilijifunza: mgonjwa hangoji jina, anangoja maji. Jina ni la kijiji, ili kisima kitiwe dawa na maji yachemshwe mapema. Wenzangu, tusibahatishe!