Chuo cha Wananchi na Kiti cha Mwananchi

Kila jambo la watu wengi lahitaji utaratibu kabla ya kuhitaji fedha. Msikiti haudumu kwa nguzo zake tu. Wadumu kwa msimamizi wa wakfu aliye mwaminifu, kwa mtunza fedha aandikaye hesabu, na kwa wazee wakutanao wakaulizana kilichoingia na kilichotoka. Jambo hili Waislamu twalijua, na neno shura si geni masikioni mwetu, kwani Kurani Tukufu inayo sura nzima yenye jina hilo. Walakini tutokapo msikitini tukaingia katika mambo ya elimu, mara nyingi twasahau kuuliza: Je, chuo hiki chaendeshwa na nani, na kwa kamati gani?

Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za uendeshaji wa vyuo vya maendeleo ya wananchi. Tanzania Bara vipo 54, na miongoni mwavyo mkoa wa Lindi unacho cha Kilwa Masoko na cha Chilala. Ni vyuo vya watu wa kawaida: kijana aliyemaliza shule ya msingi, mama aliyeacha masomo zamani, mkulima atakaye kujua ushonaji, useremala, uashi, upishi au ufugaji.

Asili yake

Asili ya vyuo hivi ni Ulaya ya kaskazini. Katika nchi ya Denmark alikuwapo kasisi mmoja, jina lake N.F.S. Grundtvig, aliyezaliwa mwaka 1783. Yeye aliona kwamba shule za zama zake ziliwafundisha watoto wa wakubwa lugha ya Kilatini na kuwaacha wakulima gizani. Akashauri viwepo vyuo vya watu wazima, vifundishe kwa lugha ya nyumbani, wala visiwe na mitihani. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na nchi ya Sweden ikafuata mwaka 1868.

Lipo jambo moja hapa ambalo twaomba msomaji aliangalie sana. Huko Sweden vyuo vingi vya namna hii vinao wenyewe, nao ni vyama vya wananchi: vyama vya wafanyakazi, vyama vya kupinga ulevi, na jumuiya za dini. Vingine ni mali ya halmashauri za majimbo. Serikali hutoa msaada wa fedha, lakini wenye chuo ndio wakaao barazani na kuamua.

Vilivyofika kwetu

Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu wengi wakaketi darasani, wazee kwa vijana, wakajua kusoma na kuandika. Ndipo likazuka swali: mtu mzima akishajua kusoma, aende wapi? Serikali ikavitazama vyuo vya Sweden, na kwa msaada wa nchi hiyo mpango wa vyuo vya maendeleo ya wananchi ukaanza mwaka 1975, chini ya wizara ya elimu.

Mwaka huohuo wa 1975 ilitungwa sheria ya vijiji, iliyokipa kila kijiji halmashauri yake na kamati tano: ya fedha na mipango, ya uzalishaji na masoko, ya elimu, utamaduni na ustawi wa jamii, ya ujenzi na usafirishaji, na ya ulinzi na usalama. Basi nia ilikuwa njema na utaratibu ulifahamika. Kijiji kikutane, kimchague mtu wake, kimpeleke chuoni. Naye akishahitimu arudi, akitumikie kijiji kwa ufundi alioupata.

Lakini kati ya kijiji na wizara palikuwa na pengo. Halmashauri za wilaya za kuchaguliwa zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Mkoa wa Lindi wenyewe ulikuwa mchanga, kwa kuwa ulitengwa na Mtwara mwaka 1971. Tena njia ya kwenda Dar es Salaam ilipita mto Rufiji kwa pantoni ya Ndundu, na masika yakija safari zilikatika. Daraja halikufunguliwa mpaka mwaka 2003. Twaweza kufahamu, basi, taabu ya chuo cha pwani ya kusini ambacho mwenye amri juu yake yuko ng'ambo ya mto huo. Mbegu ilitoka Sweden, ila kiti cha mwenye chuo hakikusafiri pamoja nayo: kule mwenye chuo ni chama cha watu, huku mwenye chuo akawa Serikali.

Kutoka wizara hadi wizara

Mwaka 1990 vyuo viliondolewa katika wizara ya elimu, vikapewa wizara mpya iliyoshughulika na maendeleo ya jamii, wanawake na watoto. Baada ya mwaka 2015, wizara zilipopangwa upya, vikarudishwa katika wizara ya elimu. Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa na mafaili yao. La, sivyo. Wizara ya maendeleo ya jamii hutazama kijiji na kuuliza kina shida gani. Wizara ya elimu hutazama mwanafunzi na kuuliza amefikia daraja gani. Maswali yote mawili ni mema, lakini hayafanani, na chuo kikibadilishiwa swali hubadilika nacho.

Zaidi ya hayo, mwaka 1994 ilitungwa sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, iliyoanzisha mamlaka ya VETA, na baadaye vyuo vya wananchi vikaanza kufundisha pia kwa mitaala yake. Faida ni dhahiri: kijana fundi apata cheti kinachotambulika popote aendapo. Hasara nayo ipo. Yule mama atakaye kozi fupi ya ushonaji, asiyetaka mtihani wala cheti bali kazi ya kumsaidia kulea wanawe, aweza kujiona mgeni katika chuo kilichojengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Na kijiji, ambacho zamani kilimchagua mwanafunzi, kimekaa pembeni. Siku hizi mtu huomba mwenyewe nafasi, na jamaa zake humtafutia ada.

Heri nyingine imekuja kwa mabinti. Kwa mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi hushirikiana na Karibu Tanzania Organization kuwapokea wasichana walioacha shule, pamoja na waliopata watoto, na watoto wao hupata mahali pa kulelewa mama zao wawapo darasani. Novemba 2021 Serikali nayo ilitoa ruhusa kwa wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Mzazi Mwislamu mwenye binti aliyeketi nyumbani hana tena udhuru wa kusema kwamba milango yote imefungwa.

Kila idara na mpaka wake

Watu wa Kilwa hawahitaji kufundishwa utaratibu na wageni. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ameandika kwamba sultani huyo alitenga khumsi ya ngawira na kuitumia katika njia zilizoamriwa, na kwamba fungu la masharifu liliwekwa katika hazina ya peke yake, wapewe wanapokuja. Maghofu ya mji huo yangali yakitazamana na Kilwa Masoko ng'ambo ya maji.

Huu ndio msingi wa idara na kamati mpaka leo: fedha ya jambo moja isichanganyike na ya jingine, na kila mwenye kazi ajue mpaka wake. Mwalimu wa useremala asiwe ndiye mnunuzi wa mbao na ndiye mtunza ghala. Mazao ya shamba la chuo yaandikwe kabla ya kufika jikoni. Mkuu wa chuo awe na baraza la kumwuliza, nalo baraza liwe na watu wa kuliuliza. Kamati isiyosoma hesabu mbele ya watu huzaa uvumi, na uvumi huua chuo upesi kuliko umaskini.

Yatupasa nini?

Kwanza, wazazi wakitembelee chuo kilicho karibu nao kabla ya kukihukumu. Waulize kozi zipi ni ndefu na zipi ni fupi, na binti atalala wapi na chini ya uangalizi wa nani. Pili, waulize ni nani awawakilishaye wakazi katika baraza la chuo, lilikutana lini, na nini kiliamuliwa. Tatu, wazee wa kijiji wairudishe desturi njema ya kumtafuta kijana mmoja mwenye bidii asiye na uwezo, wamchangie ada, na kuagana naye kwamba atarudi. Twachanga kwa arusi na twachanga kwa maziko. Hatushindwi kuchanga kwa fundi.

Nanyi vijana, msidhani kukaa katika kamati ni kazi ya wazee peke yao. Jifunzeni kuandika kumbukumbu za mkutano na kuweka hesabu safi, maana mwenye kalamu ndiye akumbukwaye na kikao kijacho.

Wizara zimebadilika, na huenda zikabadilika tena. Mwananchi yupo palepale. Jina lake limeandikwa juu ya lango la chuo; imebaki yeye aingie na kukikalia kiti chake. Mwenyezi Mungu atupe uaminifu katika amana, na atujaalie kushauriana kwa wema. Amin.