Je, Wajua? Kidole Gumba cha Mguu Ndicho Kikusukumacho

Kuanzia kifundo hadi vidoleni, kila mguu una mifupa 26. Ya miguu yote miwili ni 52, robo nzima ya mifupa 206 ya mtu mzima! Ukitembea, kisigino hutua kwanza, uzito hupita ukingo wa nje wa unyayo, kisha kidole gumba husukuma.

Mwendo huu ni wa kale. Mwaka 1978, kundi la mtafiti Mary Leakey lilikuta huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Kidole gumba katika nyayo hizo kimeelekea mbele kama chetu. Cha sokwe hutanuka kando ili kishike matawi.

Nasi chetu tunakibana kwenye viatu vilivyochongoka, hasa siku ya harusi.

Vidole vikidhoofika uzeeni, kuanguka huwa rahisi. Zoezi la kuviimarisha ni la bure: shika ukuta, simama kwa ncha za vidole, shuka polepole. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila siku, kwa kioo ikibidi, kwani mguu ukiingia ganzi hausikii hata mwiba. Viatu navyo avikung'ute kabla ya kuvaa.