Mgodi Umefungwa, Tindikali Imebaki

Mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi ya Uganda, ulianza uzalishaji mwaka 1956 ukasimama mwaka 1982. Wachimbaji wakarudi makwao. Makapi hayakuwa na kwao pa kurudi: vifusi vilibaki kando ya mto Nyamwamba, na kule Kasese likabaki lundo la mawe ya salfa yenye kobalti, zaidi ya tani laki kumi.

Mawe hayo yakipata hewa na mvua hutoa tindikali, jamaa ya ile iliyomo katika betri ya gari. Tindikali nayo huyeyusha madini na kuyapeleka bondeni. Ndiyo iliyounguza majani ndani ya hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth, ikaacha ukanda wa ardhi tupu ulioelekea Ziwa George, wanakovua wenzetu.

Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa kobalti katika lundo lile kwa kutumia bakteria, hadi mwaka 2013. Kazi njema, na ajira ilipatikana, tusiwe wachoyo wa sifa. Lakini vifusi vya Kilembe vilibaki mtoni, na mafuriko ya 2013 na 2020 yakavikokota hadi mashambani na majumbani mwa watu.

Sisi tunadai hivi: kabla mgodi wowote haujafunguliwa, mkataba utaje nani ataondoa makapi, na fedha za kazi hiyo ziwekwe benki wakati shaba ingali inauzwa.