Simu Isizime Saa ya Haja

Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa, simu ya kisasa si pambo tena. Ndani yake mna fedha za ada ya shule, ujumbe wa kikundi cha akina mama na namba ya kijana wa bodaboda. Tena, mwaka 2022 mpango wa m-mama ulianza kuenezwa nchini. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipatwa na dharura, familia hupiga 115 bila malipo ili atafutiwe usafiri wa kumfikisha hospitali. Lakini simu iliyozima haimwiti mtu. Kwa hiyo, mama mwenzangu, kutunza betri ni sehemu ya kutunza nyumba.

Ifahamu betri yako

Betri za simu za sasa ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoanza kuziuza, mwaka 1991. Betri za kale za nikeli zilitumiwa mpaka ziishe kabisa ndipo zichajiwe, na wengi wetu bado tunafuata desturi hiyo. Kumbe betri ya lithiamu huchoka upesi ikimalizwa kila mara. Nyingi zikishajazwa kama mara 500 hubaki na karibu asilimia 80 ya nguvu za mwanzo. Ukichaji nusu leo na nusu kesho, hiyo huhesabiwa mara moja tu.

Ipime mwenyewe

Fungua Mipangilio, kisha Betri. Hapo utaona ni programu gani inayokula umeme mwingi. Baadhi ya simu huonyesha pia afya ya betri kwa asilimia.

Kama yako haionyeshi, fanya hivi: kabla ya kulala andika asilimia iliyopo, uiache simu bila kuitumia, utazame asubuhi. Ikipungua kidogo, hakuna neno. Ikishuka mno, ama betri imechoka, ama kuna programu inayofanya kazi kwa siri, ama mtandao ni hafifu. Mabondeni, simu hutumia nguvu nyingi kutafuta mnara. Simu inayozima ghafla ikiwa bado na asilimia 30 au 40 inakuambia kwamba betri yake imezeeka.

Joto ndilo adui

Usiweke simu karibu na mafiga, wala juani juu ya paneli ya sola. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini. Unapoipeleka kibandani kuchajiwa, omba isirundikwe pamoja na nyingine. Na sisi tunaoificha kifuani, tukumbuke kwamba jasho huingia tundu la chaji na kulitia kutu.

Kwa siku za kawaida, chaji ikifika asilimia 20, uchomoe ikifika 80. Punguza mwangaza wa kioo, zima intaneti usipoihitaji, na washa Kiokoa Betri mapema. Waya na chaja viwe vizima.

Betri iliyovimba

Laza simu mezani. Ikiyumba, au mfuniko ukiinuka, acha kuichaji mara moja na uipeleke kwa fundi. Usiitoboe, usiitupe motoni wala jalalani, na watoto wasiichezee. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka na kuwaka, nayo hutoa moshi wenye sumu. Usilale na simu inayochajiwa chini ya mto au ndani ya chandarua.

Nyumba inayongojea mtoto

Kama wewe, binti yako au mkwe wako anakaribia kujifungua, kanuni ya asilimia 80 iweke kando. Jioni jaza simu mpaka 100, hata kama betri itachoka mapema kidogo. Betri hununuliwa, mama hanunuliwi.

Kubalianeni na baba watoto: giza likiingia, simu moja haichezwi wala haitazamwi picha. Ikae mahali panapojulikana, yenye mtandao na sauti iliyo wazi. Andikeni 115, namba ya dereva na ya jirani kwenye karatasi, muibandike ukutani. Hata simu ikizima, jirani ataweza kupiga kwa ya kwake.

Jioni hii, kabla ya kufunga mlango, tazama simu yako imebaki na asilimia ngapi.