Somo la Redio: Ndege Inayotua Wima na Ardhi Iliyo Chini Yake

Shikeni kalamu zenu, tuanze.

Nyinyi mnaokaa Mpendae mnazisikia ndege kila siku, kwani kiwanja cha Abeid Amani Karume hakiko mbali. Ndege hizo hutua kwa kukimbia juu ya njia ndefu. Lakini iko ndege iitwayo Harrier, ambayo huweza kushuka wima, kama ndoo inavyoteremka kisimani. Mwaka 1995 meli ya vita ya Italia, Giuseppe Garibaldi, ilikuja nazo katika bahari ya Somalia.

Harrier ina injini moja yenye midomo minne. Midomo ikielekezwa chini, hewa hutoka kwa nguvu na kuibeba ndege. Midomo ya nyuma hutoa hewa ya moto mkali. Je, hewa hiyo ikigonga ardhi huenda wapi?

Fanyeni jaribio. Chukueni mipira miwili ya maji, muielekeze chini karibu karibu, juu ya sakafu ya saruji. Maji hutawanyika pande zote. Lakini pale maji ya huku yanapokutana na ya kule, huruka juu. Hewa ya Harrier hufanya vivyo hivyo.

Hewa irukayo juu husukuma tumbo la ndege na kuisaidia. Lakini hewa ya moto ikimezwa tena na injini, nguvu hupungua, na ndege huweza kuanguka. Ndiyo maana Oktoba 1960, ndege ya kwanza ya jamii hii ilipojaribiwa Dunsfold, Uingereza, ilifungwa kwa nyaya, juu ya shimo lenye wavu wa chuma, ili hewa ipite chini.

Ardhi nayo huumia. Lami hulainika. Unyevu uliomo ndani ya zege hugeuka mvuke, ukakosa njia, na zege likapasuka. Vipande na changarawe huruka kama mawe ya teo.

Helikopta haishushi moto chini, lakini upepo wake nao hurusha mchanga na mabati yaliyolegea. Basi ikitua katika uwanja wa mpira, waiteni watoto, anueni nguo kambani, mkae mbali mpaka panga zake zisimame.

Maswali:
1. Kwa nini maji ya mipira miwili huruka juu?
2. Kwa nini zege hupasuka?

Andikeni majibu kwa maneno yenu wenyewe. Kwaherini.