Selimundu: Maradhi ya Urithi, Si Aibu ya Mama



Miongoni mwa maradhi yanayozisumbua aila nyingi za Pwani ni selimundu, yaitwayo pia siko seli. Mtoto huvimba viganja na nyayo, hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho huwa ya manjano na damu hupungua. Baadhi ya watu husema ni jini, wengine humsuta mama kwamba amekuja na damu mbaya. Kwa dhana hiyo, wapo wake walioachwa bila ya kosa. Basi ni wajibu wetu kuujua ukweli.

Chembe nyekundu ya damu ni ya mviringo na laini, hupenya mishipa myembamba ikichukua oksijeni kwa himoglobini iliyomo ndani yake, na huishi takriban siku 120. Himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina kasoro moja ndogo: ikishatoa oksijeni hushikana, na chembe ikajipinda mfano wa mundu. Chembe hizo hukwama mishipani, na ndiyo sababu ya maumivu. Tena hufa baada ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu ya upungufu wa damu.

Kasoro hiyo hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Aliyeirithi upande mmoja tu ni mbebaji. Aghalabu haugui, na hata hukingika zaidi na malaria kali. Jambo hili alilibainisha mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa Kenya. Ndiyo maana wabebaji ni wengi penye malaria, Pwani yetu ikiwemo. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake, basi, ni dhuluma.

Tiba ipo. Dawa ya haidroksiyurea huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia chembe kujipinda. Utafiti uliofanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezwa damu na hata vifo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni katika seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Lakini bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2, na wetu wangapi wataifikia?

Tulichonacho mkononi ni kupima. Saudi Arabia imewalazimu wachumba kupimwa tangu 2004. Nasi tuwapime vijana wetu kabla ya posa, hasa wanapooana binamu. Kipimo hakiharamishi ndoa. Huwapa wawili hao kuamua wakijua. Mtoto mgonjwa apewe chanjo na kinga ya malaria, anywe maji kwa wingi, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dua na kisomo havigongani na dawa, Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wazazi wao. Amin.