Nishati Ilikwenda Wapi?

Mkokoteni ukisukumwa kwa nguvu zaidi huongeza mwendo. Jambo hili halihitaji mwalimu. Lakini je, mwendo huo waweza kuongezwa bila kikomo? Mwaka 1905 Albert Einstein, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alionyesha kwa hesabu kwamba hauwezi. Kitu chenye tungamo, yaani wingi wa mada, hakitaifikia kamwe kasi ya nuru, ambayo ni kilometa 300,000 hivi kwa sekunde.

Hesabu ni hesabu. Mwaka 1964 mwanafizikia William Bertozzi, wa Marekani, alitangaza jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lina ufasaha kuliko kurasa nyingi za hesabu. Alirusha elektroni, vile vijichembe vya umeme, ndani ya bomba lililoondolewa hewa, akapima muda zilioutumia kupita mita 8.4. Kwa kanuni za Newton, hata zile alizozipa nishati ndogo kabisa zilipaswa kuipita nuru. Hazikuipita. Akaongeza nishati hadi mara 30. Mwendo ukapanda kutoka takriban asilimia 87 ya ule wa nuru hadi kuukaribia kabisa, ukakomea hapo.

Mwenye shaka atauliza: labda nishati haikuzifikia elektroni? Bertozzi alilitazamia swali hilo. Mwisho wa njia aliweka kisahani cha alumini, akapima joto lililozaliwa elektroni zilipokigonga. Kwa kadiri ya vipimo vyake, joto lililingana na nishati aliyoitoa.

Nishati ilikuwamo, basi, ila haikugeuka kuwa kasi. Elektroni zilizidi kuwa ngumu kusukumika. Vitabu vingi vya zamani husema tungamo lao liliongezeka. Siku hizi wanafizikia aghalabu huliweka neno hilo kwa kitu kilichotulia, na husema kwamba nishati yenyewe ndiyo yenye ukaidi. Usemi huu ni bora, kwani waeleza hata birika la jikoni: lita moja ya maji ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 100 za sentigredi, molekuli zake hukimbia zaidi, na tungamo la maji huongezeka kwa takriban sehemu nne za bilioni ya gramu. Mizani ya dukani haitaliona ongezeko hilo.

Jua nalo, kwa kutoa nuru, hupungukiwa na tani zipatazo milioni 4 kila sekunde. Msomaji asihofu: katika miaka zaidi ya bilioni 4 halijapoteza kwa njia hiyo hata sehemu moja kwa mia.